Mafiga Matatu: Lishe, Mazoezi na Moyo katika Tiba ya Unene Uliokithiri

Katika vijiji vya kata ya Kaniha, wilayani Biharamulo, kama ilivyo kwa jirani zao wa Ngara na kwingineko nchini, siha ya mtu aghalabu hupimwa kwa jicho. Aliyenawiri husifiwa kwamba maisha yamemkubali, aliyepungua huulizwa, "Mbona umekonda, una nini?" Kipimo hiki kina asili yake, wala hakistahili kubezwa. Mkulima wa jembe la mkono anajua kwamba mwili wenye akiba huvuka msimu wa uhaba salama kuliko mwili usio nayo. Tena Kagera ndiko walikotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Tangu hapo kukonda kulibeba tuhuma nzito, na ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, maradhi hayo yalipewa jina lenye maana ya kukonda.

Hata hivyo jicho lina upungufu wake. Haliioni sukari iliyozidi katika damu, wala shinikizo linaloichosha mishipa, wala mafuta yaliyolizunguka ini. Kuna watu ambao unene wao umevuka mpaka wa kunawiri ukaingia katika maradhi. Magoti yanauma, pumzi inakatika usingizini, na moyo unafanya kazi ya kupindukia. Watu hawa wanahitaji tiba, nayo tiba hiyo inawataka wapungue uzito mbele ya macho ya jamii inayoogopa kukonda. Je, sayansi ina nini cha kuwaambia?

Wahenga walisema kwamba figa moja haliinjiki chungu. Miongo mingi ya utafiti imefikia neno hilo hilo. Lishe peke yake haitoshi, mazoezi peke yake hayatoshi, na maneno ya kutia moyo peke yake hayatoshi. Makala haya yanaeleza kwa nini kila figa likisimama peke yake huangusha chungu, na kwa nini yote matatu yakikutana chungu hukaa.

UNENE ULIOKITHIRI NI UPI?

Kipimo kinachotumika duniani kote kilibuniwa katika karne ya 19 na mwanahisabati Mbelgiji, Adolphe Quetelet. Uzito wa mtu kwa kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wake kwa mita. Kwa mtu mzima, jawabu lililo kati ya 18.5 na 24.9 huhesabiwa kuwa la kawaida. Kuanzia 25 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene wa maradhi. Na kuanzia 40 ni unene uliokithiri. Waganga wengi humweka katika kundi hili hata mwenye 35 iwapo tayari ana kisukari, shinikizo la damu au maradhi mengine yatokanayo na unene.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mama mfanyabiashara mwenye urefu wa mita 1.60 na uzito wa kilo 105. Kipeo cha pili cha 1.60 ni 2.56, na 105 ikigawanywa kwa 2.56 hutoa 41. Mama huyu yumo katika kundi la hatari kubwa. Ni kweli kwamba kipimo hiki hakitofautishi msuli na mafuta, na kwa sababu hiyo hapana budi kupima pia mzunguko wa kiuno, kwani mafuta ya tumboni ndiyo yenye madhara zaidi.

Tatizo hili si la nchi tajiri peke yake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba, kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 22 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Utafiti wa 2015/16 uliwakuta 28. Wengi wao hawajafikia unene uliokithiri, lakini wako njiani. La kutafakarisha ni kwamba utafiti huo huo wa 2015/16 uliikuta theluthi moja ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Upungufu wa lishe na unene vimo katika nchi moja, na mara nyingine katika nyumba moja.

MWILI HULINDA GHALA LAKE

Mafuta ya mwilini ni ghala la nishati. Kilo moja ya mafuta hayo imehifadhi kilokalori zipatazo 7,700, yaani nishati inayoweza kumtosha mtu mzima kwa siku tatu hivi. Katika historia ndefu ya mwanadamu ghala hili ndilo lililomwokoa wakati wa njaa, na mwili una walinzi wake. Mwaka 1994 kundi la Jeffrey Friedman, katika Rockefeller University mjini New York, lilitambua homoni iitwayo leptini. Homoni hii hutolewa na chembechembe za mafuta na kuujulisha ubongo kiasi cha akiba kilichopo. Akiba ikipungua, leptini hupungua, nao ubongo huongeza njaa na kubana matumizi.

Ubanaji huo ulionekana waziwazi katika jaribio lililofanyika Minnesota, Marekani, mwaka 1944 na 1945. Mwanafiziolojia Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula vijana 36 waliojitolea, kwa muda wa majuma 24, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Miili yao ilipunguza sana nishati inayotumika wakati wa kupumzika. Fikra zao nazo zilibadilika: walizungumza chakula, waliota chakula, wakawa wepesi wa hasira na wazito wa furaha. Vijana hao hawakuwa wanene, bali walikuwa watu wenye siha njema. Matokeo yao yanafundisha kwamba anayejinyima ghafla hupigana na mwili wake mwenyewe. Uzito unaporudi baada ya miezi michache, ni kosa kumwita mtu huyo mvivu au mlafi.

FIGA LA KWANZA: LISHE

Bila kupunguza nishati inayoingia mwilini uzito haupungui. Swali ni jinsi ya kuipunguza bila kuamsha njaa isiyovumilika. Njia inayoshauriwa kwa kawaida ni kupunguza kilokalori zipatazo 500 kwa siku, kwa kuchagua vyakula vinavyojaza tumbo kwa nishati ndogo.

Shamba la Biharamulo lina vyakula hivyo. Maharage yana protini na makapi-mlo, yaani sehemu ya chakula isiyosagwa na tumbo, ambayo huchelewesha njaa. Mchicha, matembele, kisamvu na maboga hujaza sahani kwa nishati kidogo. Ugali wa muhogo, kinyume chake, ni wanga karibu mtupu. Ugawaji ulio rahisi kukumbuka ni nusu ya sahani iwe mboga, robo iwe maharage, samaki au nyama, na robo iliyobaki iwe ugali, ndizi au viazi.

Nishati nyingi huingia kwa njia ambazo mlaji hazihesabu. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kilokalori zipatazo 120. Chupa ya soda ya mililita 350 ina kilokalori zipatazo 150, zote za sukari. Kila gramu ya kileo ina kilokalori 7, na mnywaji wa rubisi au bia haoni kwamba amekula. Kando ya barabara kuu ya malori yaendayo Rusumo, katika vituo kama Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura, msafiri na mkazi huhitaji hatua chache tu kuifikia soda. Kwa hiyo mashauri ya lishe huanzia katika vinywaji na mafuta kabla ya kugusa ugali.

Jambo jingine ni sinia. Wanaokula pamoja katika sinia moja hawawezi kujua kila mmoja amekula kiasi gani. Mgonjwa anaweza kupakuliwa sahani yake na bado akaketi na wenzake, akila chakula kile kile cha nyumbani. Lishe inayomtaka mtu apikiwe chungu chake peke yake haidumu.

FIGA LA PILI: MAZOEZI

Wengi huamini kwamba anayefanya kazi nyingi za mwili hawezi kunenepa kwa kuwa anaunguza nishati nyingi. Imani hii ilipimwa hapa hapa Tanzania. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Walipewa maji yenye haidrojeni na oksijeni za aina nzito, zinazotambulika katika maabara. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini katika maji peke yake, lakini oksijeni hutoka katika maji na pia katika hewa ya kaboni dayoksaidi. Tofauti ya mwendo wa kutoka kwao huonyesha kiasi cha kaboni dayoksaidi kilichozalishwa, na kwa hiyo nishati iliyotumika.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Ukubwa wa mwili ulipozingatiwa, nishati waliyotumia Wahadzabe kwa siku haikutofautiana na ile ya watu wa Ulaya na Marekani wanaoshinda wameketi. Yaonekana mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine. Kwa hiyo anayetegemea mazoezi peke yake kuondoa kilo 30 huenda akavunjika moyo mapema.

Je, mazoezi hayana kazi basi? Yana kazi kubwa. Anayepungua kwa lishe peke yake hupoteza mafuta pamoja na misuli; mazoezi huilinda misuli. Msuli unaofanya kazi huivuta sukari kutoka katika damu, na hivyo kuipunguzia insulini mzigo. Mazoezi hushusha shinikizo la damu, huleta usingizi, huchangamsha moyo, na zaidi ya yote husaidia kuulinda uzito uliokwisha kupungua usirudi.

Utafiti mwingine wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2010 na Nigel Unwin na wenzake, unaonyesha jinsi kazi ya mwili inavyoweza kutoweka upesi. Watu 209 waliokusudia kuhama vijijini mkoani Morogoro kwenda Dar es Salaam walipimwa kabla ya kuhama, kisha wakafuatiliwa. Kabla ya safari karibu wanaume 8 katika kila 10 walifanya kazi nzito za mwili. Baada ya mwaka mmoja mjini walibaki karibu robo tu, na kwa wastani wanaume na wanawake waliongezeka uzito wa zaidi ya kilo 2 kila mmoja. Walikula matunda na mboga zaidi kuliko mwanzo, na hata hivyo uzito ulipanda. Mabadiliko ya namna hiyo hayamngoji mtu ahamie mjini, kwa kuwa pikipiki ya abiria na mashine ya kusaga huupeleka mji kijijini.

Kwa mwenye unene uliokithiri, mazoezi huanza kwa tahadhari. Kwanza hupimwa shinikizo la damu, sukari na hali ya moyo. Kisha huanza na dakika 10 za kutembea mahali tambarare, au kuinuka na kuketi kitini mara kadhaa ili kuimarisha mapaja bila kuyaumiza magoti. Muda huongezwa kidogo kidogo mpaka zifike dakika 150 kwa juma. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni ishara ya kusimama na kumwona mganga. Mwenye kutumia dawa za kisukari hapana budi ashauriane na mganga wake tangu mwanzo, maana sukari inaweza kushuka kupita kiasi.

FIGA LA TATU: MOYO

Figa hili ndilo linalosahauliwa zaidi, na pengine ndilo zito kuliko yote. Mtu hula kwa njaa, lakini hula pia kwa huzuni, kwa upweke, kwa hasira na kwa mazoea. Mwenye unene uliokithiri huongezewa aibu: huchekwa njiani, huogopa kwenda zahanati asije akakemewa, na akirudi nyumbani hujiliwaza kwa kula. Kumkemea hakumponyi.

Msaada wa kisaikolojia hauna maana ya kumdhania mgonjwa kuwa na wazimu. Ni ufundi wa kumsaidia kubadili mazoea. Huandika katika daftari alichokula, saa ngapi, na alikuwa na hali gani moyoni. Baada ya majuma mawili huanza kuona mwenyewe kwamba maandazi ya saa kumi huja pamoja na uchovu wa sokoni, wala si njaa. Hujiwekea lengo dogo linalopimika, kwa mfano kuacha soda siku tano katika juma. Huandaa mapema la kufanya siku ya harusi au sikukuu. Tena hufundishwa kwamba kuteleza siku moja si kuanguka, na kwamba juma baya halifuti miezi mizuri.

Kwa Kagera kuna mzigo wa ziada ambao vitabu vingi vya nje haviutaji. Mama wa mfano wetu akipungua kilo 8, majirani wataanza kunong'ona. Mumewe ataulizwa. Wateja wanaweza kukikwepa kibanda chake. Si ajabu mtu akaacha tiba inayomfaa ili auokoe utu wake. Mshauri mwema hulizungumza jambo hili tangu siku ya kwanza. Mgonjwa huamua ni nani wa nyumbani na nani wa jirani wataelezwa mapema kwamba anapungua kwa kusudi na kwa ushauri wa mganga. Akitaka, hupima virusi vya UKIMWI kwa siri, ili awe na hakika yake mwenyewe. Na leo, hata anayekutwa navyo ana dawa za kumwezesha kuishi miaka mingi.

Tahadhari moja isisahaulike. Kukonda bila kukusudia bado ni dalili ya kuchunguzwa, kwa kuwa kifua kikuu, UKIMWI na hata kisukari chenyewe hukondesha. Kinachopaswa kubadilika ni mnong'ono. Macho ya jirani anayejali yabaki.

MAFIGA YAKIKUTANA

Ushahidi wa nguvu ya pamoja ulitolewa Marekani mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa karibu kupata kisukari, wengi wao wanene, waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilipewa mashauri ya lishe, dakika 150 za mazoezi kwa juma, na mshauri wa kuwafuatilia mmoja mmoja, kwa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito. Jingine lilipewa dawa ya metformini, na la tatu vidonge visivyo na dawa. Likilinganishwa na kundi la tatu, kundi la mafiga matatu lilipunguza visa vipya vya kisukari kwa asilimia 58, na lile la dawa kwa asilimia 31.

Utafiti mwingine wa huko ulifuatilia wagonjwa 5,145 wa kisukari wenye uzito uliozidi au unene. Waliopata tiba ya pamoja walipungua kwa wastani asilimia 8.6 ya uzito katika mwaka wa kwanza. Baada ya miaka minane sehemu ya uzito ilikuwa imerudi, lakini nusu yao walikuwa bado wamepungua asilimia 5 au zaidi. Uaminifu unadai kuongeza kwamba maradhi ya moyo hayakupungua kama ilivyotarajiwa. Kwa unene uliokithiri baadhi ya wagonjwa watahitaji pia upasuaji wa tumbo au dawa mpya za sindano. Lakini hata tiba hizo, ambazo bei yake bado iko mbali na mifuko ya wengi, hutolewa pamoja na lishe na mazoezi.

Kwa mama wa kilo 105, asilimia 7 ni kilo 7 na robo hivi. Atabaki mnene machoni pa watu, lakini shinikizo, sukari na magoti vitakuwa vimeonja nafuu. Lengo la tiba ni siha, na umbo la picha za magazeti halimo katika hesabu hii.

TANZANIA INA MSINGI

Yapo mengi ya kuanzia. Mwaka 1973 ilianzishwa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, na mwaka huo huo kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, kujadiliana na kuamua la kufanya kijijini mwao. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Kuanzia mwaka 1983, mkoani Iringa, vijiji 168 vilianza mpango wa kupima uzito wa watoto, kutafuta pamoja sababu za kudhoofu kwao, kisha kuchukua hatua. Shabaha ya wakati ule ilikuwa kudhoofu kwa mtoto. Njia yake, yaani mzani unaofuatwa na mazungumzo, na mazungumzo yanayofuatwa na kitendo, yafaa pia kwa unene wa mtu mzima.

Kata kama Kaniha haihitaji jumba la mazoezi. Inahitaji mzani wa watu wazima, tepe, kipima shinikizo na kipima sukari, mhudumu aliyefunzwa kusikiliza bila kukemea, na kikundi cha watu sita au wanane wanaokutana kila juma, kutembea pamoja na kusomeana madaftari. Wakitembea wengi, hakuna atakayenong'onwa peke yake.

ZOEZI KWA DARASA

Walimu wanaombwa watumie takwimu za kubuni, wala wasiwapime wanafunzi mbele ya wenzao, ili somo lisizae dhihaka.

1. Mwanamume ana urefu wa mita 1.70 na uzito wa kilo 121. Tafuta uwiano wa uzito na urefu wake, na useme yumo katika kundi gani. Asilimia 7 ya uzito wake ni kilo ngapi?

2. Mtu anapunguza kilokalori 500 kwa siku. Kwa hesabu ya kilokalori 7,700 kwa kilo moja ya mafuta, angepoteza kilo moja kwa siku ngapi? Eleza, kwa kutumia habari za leptini na jaribio la Minnesota, kwa nini baada ya miezi kadhaa hesabu hii hukosea.

3. Eleza jinsi maji yenye haidrojeni na oksijeni nzito yanavyopima nishati. Kwa nini haidrojeni peke yake isingetosha?

4. Jadilianeni: ni maneno gani ya salamu katika kijiji chenu yanayoweza kumkatisha tamaa anayetibiwa unene, na yapi yangeweza kutumika badala yake?